Nilivyolisoma tope la mikoko la Pemba

Swali lililonitoa nyumbani kila bamvua kwa muda wa miaka miwili lilikuwa moja: bahari iliingia vipi katika hori lililo nyuma ya kijiji chetu, kaskazini ya mji wa Wete? Wazee huliita hori hilo mto, ingawa maji yake ni ya chumvi na hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Leo limejaa mikoko kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nilikuwa nikisoma sayansi ya bahari, na niliona haya kujua habari za mashapo ya bahari za mbali huku sijui chochote kuhusu tope nililochezea nikiwa mtoto.

Miaka ipatayo 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imefunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, usawa wa bahari ulikuwa chini ya huu wa leo kwa karibu mita 120. Unguja wakati huo haikuwa kisiwa. Iliungana na bara, na ndiyo maana mifupa ya punda milia imechimbuliwa katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani. Pemba ni tofauti, kwa sababu mkondo unaoitenga na bara una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo ilibaki kisiwa hata maji yalipopungua kiasi hicho. Hata hivyo, mahori yetu yalikuwa mabonde makavu. Barafu ilipoyeyuka bahari ilipanda, na ilikaribia usawa wa sasa kwenye miaka 7,000 hadi 6,000 iliyopita. Nilichokitafuta mimi ni alama ya kupanda huko katika bonde letu.

Mwanzoni nilitaka kutumia njia ya isotopu za oksijeni, yaani aina zake nyepesi na nzito, ambayo ndiyo iliyonivutia katika somo hili. Katika mashapo ya bahari kuu kuna viganda vya foraminifera, viumbe wa seli moja wanaojijengea nyumba za chokaa kwa kutumia oksijeni ya maji wanamoishi. Maji yanapogeuka mvuke, oksijeni nyepesi ndiyo hutangulia kuondoka. Mvuke huo ukianguka kuwa theluji na kugandia nchi kavu, bahari hubaki na sehemu kubwa zaidi ya ile nzito, na viganda hutunza alama hiyo. Cesare Emiliani mwaka 1955 aliisoma alama hiyo kuwa hasa ni ya joto la maji, lakini Nicholas Shackleton mwaka 1967 alionyesha kwamba sehemu kubwa yake ni ya wingi wa barafu. Mwaka 1976 Shackleton, pamoja na James Hays na John Imbrie, walionyesha katika mashapo ya kusini ya Bahari ya Hindi kwamba zama za barafu hufuata mabadiliko ya njia na mwinamo wa dunia inapolizunguka jua, yanayojirudia kila baada ya takriban miaka 100,000, 41,000 na 23,000. Niliposoma habari hizo kwa mara ya kwanza nilishindwa kulala.

Lakini hori si bahari kuu. Masika yakishuka, maji matamu hufurika humo kwa wiki nzima, na maji ya mvua yana oksijeni nyepesi zaidi kuliko ya bahari, hivyo kiganda kilichokulia horini huchanganya habari za mvua, joto na bahari kiasi cha kutoweza kuzitenganisha. Ilinibidi nikubali jambo hilo mapema, nami nashukuru kwamba nililikubali kabla sijatumia fedha.

Njia niliyoishika badala yake ni rahisi kueleza. Foraminifera wa mikokoni hawaishi popote. Kwenye tope la juu, ambalo maji hulifikia wakati wa bamvua tu, hutawala wale wanaounda viganda vyao kwa kugandisha chembe za mchanga, kama Trochammina. Chini zaidi, kuelekea mkondo wa maji, huongezeka wenye viganda vya chokaa, kama Ammonia. Ukijua leo kila aina inakaa usawa gani wa maji, utaweza kukisia tope la kale lilituama katika usawa upi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kupima usawa huo, na hapo ndipo nilipokwama kwa miezi, kwa kuwa sikuwa na chombo cha upimaji wa ardhi, na hata ningekuwa nacho, ndani ya mikoko mtu haoni mita kumi mbele yake. Aliyenikwamua ni fundi mmoja wa ujenzi niliyemkuta akisawazisha msingi wa nyumba kwa mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, uliojazwa maji. Maji ya ncha mbili za mpira daima husimama usawa mmoja, hata mpira ukipinda na kuzunguka mashina. Nilinunua mita ishirini za mpira huo, nikafunga kila ncha kwenye fito iliyochorwa sentimita, na mdogo wangu akashika upande wa pili. Tulianza kwenye mililana, aina ya mikoko iliyo ukingoni mwa maji, tukapita mikoko yenyewe na misinzi, tukamalizia kwenye mikandaa na michu iliyo karibu na nchi kavu, tukiandika tofauti ya kila hatua. Lazima mapovu yote yatolewe mpirani, maana povu moja dogo hupotosha kipimo chote. Tulirudia mstari mzima mara tatu mpaka hesabu ya kwenda na ya kurudi zikakubaliana. Katika kila kituo nilikwangua sentimita moja ya juu ya tope na kuliweka katika kichupa.

Nguzo yangu ya kwanza ya mashapo, yaani tope lililotolewa kwa bomba likiwa na tabaka zake, ilikuwa hasara tupu. Niliichukua mahali palipokuwa rahisi kufika, nikakata vipande viwili, cha juu na cha chini, nikapeleka tope lenyewe kupimwa umri kwa kaboni 14 kwa gharama iliyozidi mshahara wangu wa mwezi. Majibu yaliporudi, tope la juu lilikuwa la kale kuliko la chini. Niliyarudia majibu yale mara nyingi nikitafuta kosa la maabara, na halikuwapo.

Ami yangu, aliyekata boriti na kuvua kaa katika hori hilo tangu ujana wake, ndiye aliyenifahamisha. Nilimpeleka mahali nilipochimba. Aliangalia vichuguu vya tope kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, hapa kaa hulipindua tope kila bamvua. La chini analileta juu, na majani ya juu anayashusha shimoni kwake." Nilimwuliza basi nichimbe wapi. Akanipeleka mbali zaidi, kwenye kitako cha hori ambako tope ni laini mno hata shimo la kaa halisimami, na ambako mwenyewe huwa hawekei mitego kwa sababu hapati kitu. Aliongeza kwamba mizizi michanga hupenya chini sana, jambo lililoeleza kosa langu la pili: nilipima tope zima, pamoja na mizizi iliyoingia karne nyingi baada ya tope kutuama. Tangu hapo nilichagua majani na mbegu tu. Magamba ya chaza sikuyatumia kupima umri, kwa kuwa kaboni ya bahari ina uzee wake yenyewe, kwa kawaida miaka mia kadhaa, na kiasi hicho hubadilika kutoka mahali hadi mahali.

Bomba la pili tuliliteremsha siku ya bamvua ya mwezi mpevu. Kwetu, siku kama hizo maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano za asubuhi, kwa hiyo tulikuwa na saa tatu za kufanya kazi. Bomba lilikuwa la plastiki, lile la maji machafu, ambalo nilikuwa nimelinoa mdomo kwa tupa. Tuliligonga kwa gogo, taratibu, huku ubao ukikinga kichwa chake. Kabla ya kulivuta nilipima: nje lilikuwa limezama sentimita 240, lakini ndani tope lilisimama sentimita 221, maana yake lilikuwa limejibana kwa sentimita 19, na kipimo hicho ndicho kilichoniwezesha baadaye kurekebisha kina cha kila kipande. Tulijaza maji juu, tukaziba kwa kizibo cha mpira ili tope lisidondoke, tukafunga kamba, na watu wanne wakalinyanyua kwa mti mabegani.

Sampuli za mwaka wa kwanza zilikuwa zimenifundisha jambo lingine kwa uchungu. Niliziacha mbichi katika mifuko ya plastiki kwa wiki kadhaa, na nilipozitazama kwa hadubini viganda vya chokaa vilikuwa vimelika, vingine vimebaki kama kivuli. Tope la mikoko lina salfaidi ya chuma, ambayo ikikutana na hewa hutoa asidi, na asidi hula chokaa. Mtu asiyejua angeandika kwamba Ammonia hawakuwapo. Safari hii nilisafisha kila kipande jioni ileile, kwa maji matamu na chekeche la mikromita 63, nikagawa mara mbili: nusu moja nikaikausha upesi kwa ajili ya viganda vya chokaa, nyingine nikaihifadhi katika spiriti, kwa kuwa vile vya mchanga hunyauka na kuvunjika vikikauka. Kila sampuli nilihesabu viganda 300, na macho yaliuma.

Nilipolipasua bomba kwa urefu, ami alikuwa ameketi upande wa pili wa meza. Sehemu ya juu ilikuwa tope la kijivu lenye Ammonia wengi. Kwenye sentimita 173 rangi ilibadilika ghafla kuwa nyeusi, na chokaa ikatoweka; waliobaki ni Trochammina na wenzao wa tope la juu. Majani ya tabaka hilo jeusi yalipopimwa yalikuwa ya kale kuliko yale niliyoyatoa katika tope la kijivu, kama inavyopasa. Ami hakusubiri majibu ya maabara. Aliinama, akachomoa kwenye tabaka jeusi kipande cha gome chenye urefu wa kucha, akakisugua katikati ya vidole mpaka vikashika rangi nyekundu ya kutu, ile ambayo kwao walikuwa wakiitumia kupaka nyavu. "Mkandaa," alisema, akanirudishia.

Nililiweka gome hilo kwenye kichupa, nikaandika kina chake na tarehe. Mkandaa leo uko hatua mia moja na kitu kutoka pale tulipochimba, juu, karibu na nchi kavu.