Kwa nini wapigaji wa kriketi huteseka ugenini

Katika kriketi, ugeni si suala la kelele za mashabiki tu, kwani kwa kawaida mpira hudunda ardhini kabla ya kumfikia mpigaji, na ardhi ya kila nchi ina tabia yake. Nchini India pichi (ukanda wa ardhi ambamo mpira hurushwa na kupigwa) ikiwa kavu hupasuka na mpira wa kuzungushwa hugeuka ghafla. Australia mpira huruka hadi mbavuni. Uingereza, chini ya mawingu, hupinda hewani. Hata mipira yenyewe ya mechi za siku tano hutofautiana: Dukes Uingereza, Kookaburra Australia, SG India. Mpigaji aliyekulia Lugogo, hapa Kampala, amezoesha macho na miguu yake mdundo mmoja tangu utotoni, na mazoea hayo hayafutiki kwa wiki moja ya mazoezi.

Ndiyo maana sikushangaa sana Juni 2024, kule Guyana, West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibi, walipowatoa wapigaji wote wa Uganda kwa jumla ya mikimbio (alama) 39 tu, huku mrushaji wao Akeal Hosein, aliyeujua uwanja ule vizuri, akichukua wiketi 5, yaani kuwatoa wapigaji watano. Siku chache kabla, hapohapo, mrushaji wetu Frank Nsubuga (mwenye umri wa miaka 43!) alikuwa amewapa Papua New Guinea mikimbio 4 tu katika ova 4 (kila ova ni mirusho sita). Mrushaji anayelenga vijiti vilivyo nyuma ya mpigaji bila papara hahitaji kuizoea pichi kwa muda mrefu kama mpigaji.