Tafakari ya Juma: Jalada Linalongoja Jibu Kutoka Juu

Somo: Yakobo 4:17. "Basi yeye ajuaye kutenda mema, wala hayatendi, kwake huyo ni dhambi."

Novemba 1939 serikali ya Ureno iliwapelekea makonsuli wake Waraka Na. 14. Waraka haukusema "wanyimeni viza." Ulisema watu wa makundi fulani, wakiwemo wasio na uraia na Wayahudi waliofukuzwa makwao, wasipewe mpaka Lisbon, makao makuu ya serikali, iulizwe. Ubaya ulijificha hapo hapo. Konsuli aliyepeleka telegramu akakaa kungoja alikuwa ametimiza wajibu, Lisbon nayo haikuwa imemkatalia mtu, ilikuwa bado "inashughulikia." Mkimbizi akikamatwa, hakuna aliyeweka saini ya kumwangamiza.

Juni 1940, Wajerumani walipoingia Paris, wakimbizi walifurika mji wa Bordeaux, Ufaransa, kwa konsuli wa Ureno Aristides de Sousa Mendes, Mkatoliki aliyewahi kuwa konsuli Zanzibar. Aliuliza Lisbon kama alivyotakiwa. Kisha akaacha kungoja, akagonga mihuri ya viza mchana na usiku, wengi bila kuwatoza ada. Akaitwa nyumbani, akashtakiwa kinidhamu, akaondolewa kazini, akafa maskini mwaka 1954. Bunge la Ureno lilimrudishia heshima yake mwaka 1988.

Ndugu mnaohudumu ofisini, utaratibu wenyewe si adui. Foleni na namba ya jalada humlinda mjane asiye na mjomba wizarani. Anayeruka utaratibu kwa ajili ya bahasha au shemeji asijifananishe na konsuli yule: yeye hakupata kitu, na gharama aliibeba mwenyewe.

Basi kabla ya kutamka "taratibu haziruhusu," fungua waraka wenyewe usome. Mara nyingi kinachozuia ni mazoea ya ofisi tu. Ukikuta kweli unazuia, weka dokezo kwenye jalada: shida ya mwombaji, madhara akicheleweshwa, siku ya mwisho ya kumfaa, pendekezo lako, jina na saini. Kunung'unika koridoni hakumsaidii, kwa sababu mkubwa anaweza kusema hakuambiwa. Siku ikikaribia bila jibu, kumbusha kwa maandishi, kisha peleka ngazi ya juu. Na mwombaji mwambie jalada lake lilipo na kama anaweza kukata rufaa. Wapo wanaokaa benchi miezi kwa kukosa neno hilo moja.

Juma hili lichukue lile jalada lililokaa mezani kwako kuliko yote, ulisome tangu ukurasa wa kwanza.