Nyota za Lankum

Mhariri alitaka maneno 300 na nyota. Nyota ngapi ni shauri langu, alisema, ila lazima ziwepo, maana wasomaji wengi huangalia nyota kwanza na wengine huishia hapo hapo.

Ilikuwa Mei 2023, Lankum, bendi ya muziki wa jadi wa Kiayalandi, wanapiga usiku baada ya usiku katika ukumbi wa Vicar Street, Dublin, na tiketi zimekwisha. Albamu yao, False Lankum, ilitoka Machi mwaka huo. Nilikuwa nimeshaihakiki na kuipa nyota nne. Ya tano niliizuia kwa sababu ya vile vipande vitatu vya mvumo mtupu vilivyochomekwa kati ya nyimbo. Mpaka leo naona kimoja kingetosha.

Nilipata kiti pembeni, karibu na mzee mmoja aliyeletwa na binti yake. Wanamuziki wanne wakaingia, wakakaa safu moja mbele. Ian Lynch alipakata uilleann pipes, zumari ya mfuko ya Kiayalandi, ambayo haipulizwi kwa mdomo: mpigaji anasukuma hewa kwa mvukuto uliofungwa kwapani, anaukandamiza kwa kiwiko. Ndiyo maana anaweza kupiga na kuimba kwa wakati mmoja, na mvumo wa chini usikatike.

Wakapiga Wild Rover. Hakuna Muayalandi asiyeujua wimbo huu. Ni wa baa, wa harusini, wa mpirani, na kwenye kiitikio watu hupiga makofi manne. Lankum waliurekodi mwaka 2019 wakauvua furaha yote, wakauacha ujikokote kwa dakika kumi hivi. Maneno yenyewe, ukiyasikiliza, ni ya mlevi aliyemaliza pesa zake na sasa anaahidi kuacha. Radie Peat, mwimbaji wao, aliyaimba kama mtu asiyeamini ahadi ile. Kiitikio kilipofika, hakuna aliyepiga kofi. Mvumo ukazidi kunenepa, nikausikia kwenye mbao za kiti kabla haujafika masikioni.

Mimi nimekulia Zanzibar. Kwetu mwimbaji wa taarab akikuchoma moyo unanyanyuka, unakwenda kumtunza, noti mkononi, mabega yanacheza. Pale watu walikaa kimya tu. Nilijikuta nimenyanyuka nusu, nikarudi chini. Yule mzee akaniinamia: ‘Nimeuimba wimbo huu miaka hamsini, sikujua una huzuni.’ Binti yake akamtuliza.

Usiku ule ule nikatuma uhakiki, nyota tano. Asubuhi mhariri akapiga simu. Nyimbo nyingi ni zilezile, wanamuziki walewale, hii moja imetoka wapi? Nikamwambia nyota ya albamu ni ya kitu unachoweza kukirudisha nyuma ukakisikiliza tena. Ya ukumbini ni ya kitu kilichopita. Hakuridhika, lakini aliichapisha.

Mwaka 2024 False Lankum ikatwaa Choice Music Prize, tuzo ya albamu bora ya Ayalandi, na mhariri hakukosa kunikumbusha zile nyota nne. Kisha ikatoka albamu ya moja kwa moja iliyorekodiwa Vicar Street ile Mei ya 2023. Akanitumia. Nikakataa, nikampa mwenzangu ambaye hakuwepo ukumbini, aihakiki kwa masikio matupu.

Akaipa nyota tatu na nusu. Tulibishana wiki nzima.