Mzee wa Chini ya Barabara

Februari ya mwaka juzi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikienda zamu ya asubuhi, nilikuta njia yangu imezungushiwa utepe mwekundu na mweupe. Katikati ya lami pana shimo. Si kubwa, upana wake kama sinia la kulia watu wanne, lakini jeusi, na theluji inaanguka humo ndani inapotea. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo anayetembeza mbwa wake kila siku saa hizo, aliniona nilivyotoa macho.

"Ni mzee tu," akasema.

Moyo ulinipiga paa. Mimi kazi yangu ni kutunza wazee, na wazee wa huku Ujerumani wengine wana tabia ya kutoka usiku na ndara bila ya kuaga. Nikamuuliza ni mzee gani, kaanguka saa ngapi, na gari la wagonjwa limeitwa? Yule mama akacheka mpaka mbwa akaanza kubweka. Kumbe "Alter Mann", yaani mzee, ndivyo wachimba madini wanavyoyaita mahandaki yaliyochimbwa zamani yakaachwa. Miti iliyoegemeza dari imeoza, mawe yanaporomoka kidogo kidogo miaka na miaka, na siku moja lami ya juu nayo inafuata. Watu wa ofisi ya madini ya jimbo, yenye makao yake Freiberg, wakaja na ramani zao, wakapima, wakajaza zege. Mimi nikazunguka kwa njia ndefu wiki tatu.

Nyumbani Unguja wakinipigia simu huniuliza theluji imefika wapi huko milimani. Wao wanatazama juu. Mimi baada ya miaka sita nimezoea kutazama chini, maana kila kitu cha hapa, kuanzia salamu mpaka taa za madirishani, kimetoka chini.

Wilaya yenyewe inaitwa Erzgebirgskreis, Wilaya ya Milima ya Madini. Iko kusini ya jimbo la Saxony, mpakani na Ucheki. Neno "milima" Mchaga atalicheka: kilele kirefu cha upande wetu, Fichtelberg, kina mita 1,215, hata robo ya Kilimanjaro hakifiki. Klínovec, ng'ambo ya mpaka, unauzidi kidogo. Umbo la safu hii ni kama paa la kibanda cha uani, lile la upande mmoja. Ukitoka kaskazini unapanda taratibu, kijiji baada ya kijiji, hata huhisi kama unapanda. Ukifika ukingo wa kusini ardhi inakatika ghafla kuteremkia Bohemia, upande wa Ucheki. Majira ya baridi upepo unatoka huko pamoja na ukungu, ukagandisha nyaya za umeme na matawi ya misonobari mpaka yanakatika. Oberwiesenthal, chini ya Fichtelberg, ndio mji ulio juu kuliko yote Ujerumani, mita 914, na bado una treni ya mvuke iliyoanza 1897. Nimeipanda mara moja. Inapendeza, inanuka moshi, basi.

(Wilaya hii ni changa: ilizaliwa Agosti 2008 kwa kuunganisha wilaya nne. Lakini waulize wenyewe wanatoka wapi, hakuna atakayekutajia wilaya. Mpaka namba za magari wengi wamerudia herufi za zamani, ANA, STL na nyenginezo, mara tu waliporuhusiwa.)

Zamani palikuwa ni msitu mtupu. Vitabu vya kale vinauita Miriquidi, msitu wa giza. Walowezi wakaanza kuufyeka karne ya 12, na mpaka leo ukisimama juu ya Pöhlberg, mlima wa basalti wenye kichwa bapa nyuma ya mji wa Annaberg, unaona vijiji walivyovipanga: nyumba zimefuata mto mstari mmoja, kila nyumba na ukanda wake wa shamba nyuma, mrefu na mwembamba, unaopanda mpaka msituni. Kisha 1168 ikaonekana fedha huko Freiberg, na watu wakamiminika. Mara ya pili wazimu uliwashika mwishoni mwa karne ya 15, huku kwetu juu. Mji wa Schneeberg kwanza, halafu 1491 na 1492 ikapatikana kwenye mlima wa Schreckenberg, na 1496 mji wa Annaberg ukawekwa jiwe la msingi mahali ambapo hakuna mwenye akili timamu angejenga mji. Baridi, mteremko, hakuna shamba la maana. Fedha ndiyo iliyochagua.

Ukitaka kuwaona watu hao, nenda kanisa la Mtakatifu Anna. Mimi si Mkristo, nilipelekwa na mwenzangu wa kazini siku ya mapumziko. Watalii wote husimama mbele ya ile altare ya wachimbaji wakapiga picha. Mwenzangu akanishika mkono akanizungusha nyuma. Huko nyuma, mwaka 1521, mchoraji Hans Hesse amechora mlima mzima unavyofanya kazi: vibanda vya mbao juu ya mashimo, watu wanasukuma toroli, wengine wanazungusha roda, mmoja anayeyusha, mwengine anagonga sarafu. Yuko na mwanamke anayeosha mawe, mikono ndani ya maji. Nilimtazama sana yule. Maji ya huku hata Julai yanauma mifupa. Watakatifu wapo mbele. Nyuma, upande usioonekana na waumini, wapo waliolipa gharama.

Sasa njoo kwenye jambo lililonikosesha usingizi. Sisi kwa Kiswahili tunasema fedha, neno moja kwa madini na kwa pesa. Huku hayo mawili kweli yalikuwa kitu kimoja. Mwaka 1516 fedha ikaonekana ng'ambo ya ukingo, kwenye bonde la Joachimsthal, leo Jáchymov, Ucheki, kilomita chache tu kutoka Oberwiesenthal. Karibu na 1520 wakubwa wa huko, ukoo wa Schlick, wakaanza kupiga sarafu nzito za fedha zilizoitwa Joachimsthaler, na watu kwa uvivu wa ulimi wakafupisha: taler. Katika taler ndiko lilikotoka neno dola. Na jamaa mmoja wa taler hizo, ile yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria iliyoandikwa 1780, ilipita Bahari ya Shamu na Arabuni mpaka ikafika Unguja, ikatumika sokoni na kwenye mahari miaka mingi. Wazee wetu waliiita reale. Sikusema fedha yake ilichimbwa hapa. Ni jina na mtindo tu vilivyotoka milima hii. Lakini bibi yangu akisimulia mahari ya mama yake alikuwa akihesabu kwa reale, na mimi utotoni Kikwajuni nilidhani ni neno la hadithini, kama jini na kasri. Nimekuja kulikuta bonde lake mwendo wa basi kutoka ninapolala.

Fedha ilipopungua walibaki na vilivyobaki: bati, chuma, na mawe mengine yaliyowasumbua. Kuna jiwe lilikuwa likimeta kama lenye fedha, ukiliyeyusha hupati kitu ila mvuke wa sumu. Wakasema ni kazi ya Kobold, vibwengo wa mgodini, wameiba fedha wakaacha takataka. Ndipo jina kobalti. Baadaye waligundua takataka ile inatoa rangi nzuri ya buluu ya kupakia vioo na vyombo, wakaiuza mbali. Mwenzangu wa zamu ni Mkongo wa Lubumbashi, na nilipomhadithia habari hii alinyamaza kidogo. Leo kobalti nyingi ya dunia inatoka kwao, upande wa Kolwezi. "Hao vibwengo," akaniambia, "walihamia kwetu."

Wanawake nao walisuka kimia kwa vijiti na pini. Barbara Uttmann, mjane wa Annaberg karne ya 16, aliwapa kazi hiyo wanawake kwa mamia. Wanaume wa kijiji cha Seiffen wakageukia kuchonga na kukereza mbao, midoli inayouzwa mpaka leo. Haya ya ufundi wenyewe wa hapa hawachoki kuyasimulia. La urani ndilo lisilosemwa haraka.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Warusi walikuja kutafuta urani ya mabomu yao ya atomiki, wakaanzisha kampuni wakaiita Wismut. Jina hilo ni la madini mengine kabisa, bismuthi, ili adui asijue kinachochimbwa. Mpaka 1990 zilitoka huku na jimbo jirani la Thuringia tani 231,000 hivi za urani. Mji wa kale wa Johanngeorgenstadt ulibomolewa karibu wote. Schlema, iliyokuwa ya mabafu ya tiba, ardhi yake ilititia. Na maradhi ya mapafu ya wachimbaji yalijulikana tangu kabla: madaktari wawili waliyaandika 1879 kuwa ni saratani, yakaitwa ugonjwa wa Schneeberg. Mkosaji ni radoni, gesi inayotoka mawe yenyewe.

Mzee mmoja ninayemhudumia nyumbani kwake alishuka chini akiwa na miaka 18. Ana 88 sasa, magoti hayana kazi, masikio nusu. Anasema hawakuruhusiwa kutamka neno urani. Walisema "madini" tu, hata kwa wake zao. Posho yao ilikuwa na pombe kali ya bei ya kutupa, nayo walishaipa jina: Kumpeltod, kifo cha mwenzako wa mgodini. Anacheka akilitaja, halafu hacheki. Nikiingia hanisalimii kwa habari ya asubuhi kama Wajerumani wengine. Husema "Glück auf", salamu ya wachimbaji: bahati ikufungukie, mwamba ufunguke. Mwanzo nilikuwa namjibu kwa habari ya asubuhi, akaninunia. Siku hizi najibu inavyotakiwa.

Desemba iliyopita, Jumapili isiyokuwa ya kazi, alinialika kahawa. Kila dirisha la mtaa lilikuwa na tao la mishumaa. La kale kuliko yote linalojulikana ni la chuma, la 1740, kutoka Johanngeorgenstadt. Wanasema mtu aliyeshuka kabla ya jua kuchomoza na kupanda limeshazama hakuona mwanga wiki nzima, ndiyo maana taa. Dirishani kwake palikuwa pia na sanamu za mbao zilizoshika mishumaa, wachimbaji wawili na malaika mmoja: desturi ni mchimbaji kwa kila mtoto wa kiume, malaika kwa wa kike. Watoto wake wote watatu waliondoka baada ya 1990, Ujerumani mbili zilipoungana, kwenda magharibi, kama nusu ya darasa lao.

Kisha akaniletea mtu mdogo wa mti mwenye kiko mdomoni. Akamfungua kiunoni, akaweka ndani kipande cheusi kama ncha ya penseli, akakiwasha. Moshi ukatoka mdomoni kwa mtu wa mti. Nikavuta harufu. Ubani! Ubani wa Alhamisi jioni, wa maulidi, wa chumba cha bibi.

Sikuweza kujizuia. Nilimwomba ruhusa nikampigia mama simu ya video, nikaisogeza karibu na ule moshi.

"Huko nako mnafukiza?" mama akauliza. "Na huyo babu nani? Mpe simu nimsalimie." Nikampa. "Shikamoo, baba," mama akasema.

Mzee akaisogeza simu mpaka puani. "Glück auf," akajibu.

Mama akaniuliza amesema nini. Nikamwambia kaitikia.