Basi la shule likisimama, hata upande wa pili

Wiki iliyopita jirani yangu, mama mmoja wa Kigoma ambaye hajamaliza mwaka tangu ahamie huku jimbo la New York, alibisha hodi akiwa na bahasha mkononi. Ndani mlikuwa na picha za gari lake, namba zikisomeka vizuri, likilipita basi la shule lililosimama na kufungua ubavuni kile kibao chekundu cha pembe nane. Faini ilikuwa dola 250. "Baba Neema," aliniuliza, "basi lilikuwa upande wa pili kabisa, na katikati pana tuta la majani. Linanihusu nini?"

Linamhusu. Majimbo mengi ya Marekani hayamlazimishi dereva wa upande wa pili kusimama ikiwa barabara imegawanywa kwa tuta, lakini New York inawataka wote wasimame, wanaolifuata basi na wanaokutana nalo. Kifungu hicho alikisoma alipojiandaa kwa mtihani wa leseni, kisha mazoea ya nyumbani, ambako basi la wanafunzi likisimama dereva hupiga honi na kulipita, yakakifuta.

Picha hizo hupigwa na kamera zilizofungwa kwenye basi lenyewe, ambazo jimbo liliziruhusu mwaka 2019. Hukaguliwa kwanza, kisha notisi hutumwa kwa mwenye gari, hata kama aliyeshika usukani ni mtu mwingine. Na kwa kuwa kamera haimtambui dereva, kosa haliongezi pointi za makosa kwenye leseni, tofauti na kukamatwa na polisi. Ukirudia ndani ya miezi 18 utalipa dola 275, na kuanzia mara ya tatu 300.

Mimi naziunga mkono kamera hizi kwa moyo wote, kwa sababu kila asubuhi nasimama kituoni na binti yangu wa darasa la kwanza. Basi husimama ng'ambo. Yeye hubaki ukingoni akimkazia macho dereva, mpaka amwashirie kwa mkono, ndipo avuke. Dereva huyo hawezi kuwaangalia watoto na papo hapo kusoma namba za gari linalopita kasi. Mwezi Oktoba 2018, huko Indiana, ndugu watatu wa tumbo moja waligongwa na kufa wakivuka kulifuata basi lao, taa zikiwa zinawaka. Mwaka 2023 wakurugenzi wa usafiri wa shule walikadiria kuwa mabasi hupitwa kinyume cha sheria zaidi ya mara milioni 43 kwa mwaka mmoja wa masomo nchini Marekani.

Lawama yangu ni moja: barua huchelewa. Jirani yangu alipata yake wiki kadhaa baada ya kosa, na muda wote huo alikuwa akipita njia ileile bila kujua. Mgeni angeelezwa jambo hili kwa lugha yake siku anayosajili gari.

Amelipa. Jana alinipa lifti, na kwenye barabara ileile basi likawasha taa za njano ng'ambo ya tuta. Alianza kupunguza mwendo kabla hazijageuka nyekundu, na gari la nyuma yetu likapiga honi.