Saa kumi na nusu alfajiri, Maerdy

Leo Jumapili sina zamu, na mvua haijanyamaza tangu jana, nikasema bora niandike.

Mzee wa kwanza ninayemhudumia asubuhi huamka saa kumi na nusu. Mimi hufika saa moja, na kila siku namkuta keshavaa, kakaa kitini dirishani, mrija wa oksijeni puani, kamba za viatu zimefungwa. Anakwenda wapi? Haendi popote. Mgodi wa makaa ya mawe wa Maerdy, wa mwisho katika mabonde yote mawili ya Rhondda huku Welisi, ulifungwa Desemba 1990. Mwili wake bado unaitikia zamu ya alfajiri.

Namwita "Mzee", kwa Kiswahili, na amezoea. Yeye huniita "cariad", mpenzi kwa Kiwelisi. Wiki ya kwanza nilikunja uso, mpaka nilipomsikia akimwita hivyo hivyo bibi wa posta.

Nilipokuja Welisi kutunza wazee majumbani nilipanga huku juu kabisa bondeni kwa sababu ya kodi nafuu. Sikujua kuwa hata kodi nafuu ina historia yake. Nyumba zimeshikana kama mabehewa, mlima umeziegemea kwa nyuma. Vijana hushuka na basi kutafuta kazi huko chini, jioni wanarudi kulala tu. Wazee wamebaki na vifua. Hapa mtu akisema ana "vumbi", yaani mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la makaa, inatosha, kama kwetu mtu akisema ana "sukari" au "presha". Hakuna anayeuliza vumbi gani.

Huwa nawauliza wazee wangu kama wanautamani mgodi. Hakuna aliyewahi kunijibu ndiyo moja kwa moja. Huyu wa alfajiri aliapa wanawe hawatashuka shimoni, na kweli hawakushuka. Dakika tano baadaye analalamika kwamba wako mbali na wajukuu huwaona kwenye simu tu.

Wanachokizungumza kwa raha ni makato. Ndiyo, makato ya mshahara! Kila wiki senti kidogo zilikatwa kwa ajili ya ukumbi, maktaba, daktari. Kule Tredegar, mabonde machache mashariki mwa hapa, wafanyakazi walikuwa na chama chao cha matibabu. Aneurin Bevan alizaliwa mji huohuo mwaka 1897, akaingia mgodini akiwa bado mtoto, na ndiye waziri aliyeanzisha huduma ya afya ya taifa Julai 1948. Siku moja nilimwambia Mzee ana bahati, mashine ile ya oksijeni kapewa bure. Alikasirika. "Si bure. Baba yangu aliilipia."

Mteja wangu wa saa mbili ni bibi anayeusimulia mgomo wa wachimbaji wa 1984 kwa viazi. Toka Machi hadi Machi wanaume hawana mshahara, wanawake wamejipanga jikoni, wanamenya. Serikali ya Waziri Mkuu Thatcher ilishinda, hilo linajulikana. Lakini Maerdy hakuna hata mchimbaji mmoja aliyevunja mgomo, na tarehe 5 Machi 1985 walirudi kazini pamoja, bendi ikiwatangulia. Miaka isiyofika sita baadaye mgodi ukafungwa vilevile. Bibi hazungumzii kushindwa. Anazungumzia sahani, ngapi kwa siku, nani aliosha, nani alikuwa mvivu. Akimaliza namtolea chakula chake kwenye friji, nakipasha, anakula peke yake. Nina dakika thelathini tu kwake, na kumi zimeshaishia kwenye viazi.

Mvua ikinyesha hivi, Mzee hatazami televisheni, anatazama mlima. Februari 2020 rundo la masalia ya mgodi liliporomoka Tylorstown, bonde hilihili, baada ya dhoruba. Hakuna aliyekufa. Lakini watu wa rika lake wakisikia rundo limesogea wanafikiria kijiji cha Aberfan, ambako rundo kama hilo liliporomokea shule 21 Oktoba 1966: watu 144 walikufa, 116 kati yao watoto, wengi wao wakiwa shuleni. Mzee alikuwa kijana, akaenda na wenzake kufukua. Hajanisimulia zaidi ya hapo, nami siulizi.

Mimi nimekulia kambi ya mkonge karibu na Korogwe, Tanzania. Babu aliletwa kutoka Kigoma akiwa manamba, kibarua wa mkataba, siku zake zikihesabiwa kwenye kipande, kadi yake ya kazi, na alfajiri iligongwa reli iliyoning'inizwa mwembeni kuamsha watu. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Kamba za nailoni zikaja, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa kisha yakachoka, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalibaki kama sehemu ya kumi. Korona yetu, mashine ya kusaga majani ya mkonge, ilizimwa. Babu aliendelea kunoa kisu chake kila jioni, na bibi alikuwa akimfokea kwa kumaliza jiwe bure.

Nilimsimulia Mzee hayo Ijumaa huku nikimpaka mafuta miguuni. Alisikiliza, akauliza kitu kimoja tu: "Na ile reli, bado inaning'inia?"

Jana nikampigia mama. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, ile iliuzwa chuma chakavu zamani. Mjomba wako ndiye aliyeibeba."

Kesho saa moja nitampa jibu lake.