Siku niliyokuwa mikono ya mjomba

Mjomba hakuniita anifundishe. Nilikwenda kwake kwa sababu mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na kumenya limau kama alivyotaka yeye kunahitaji mkono uliotulia. Alikuwa mpishi wa meli miaka mingi, na huko kusini mwa Italia, pande za Sorrento na Amalfi, ndiko alikojifunza limoncello, ile likeri ya malimau, kileo kitamu ambacho wenyewe hukinywa kikiwa baridi baada ya chakula. Tangu aiache bahari alikuwa akitengeneza chupa chache kila mwaka za kuwagawia ndugu. Mwaka ule alitaka kuacha. Mkewe ndiye aliyenipigia simu. "Njoo umsaidie mjomba wako," akasema, "kayaweka malimau mezani, anayatazama tu."

Nilimkuta ameshayaosha kwa maji ya moto na brashi, maana malimau ya dukani mara nyingi hupakwa nta, na nta ikiingia ndani ya chupa haitoki tena. Nikachukua kisu. Akanizuia.

"Kisu kitakwenda ndani. Chukua kimenyeo. Na usiyakamue, maji yake hatuyataki."

"Likeri ya limau isiyo na maji ya limau, mjomba?"

"Hata tone. Kamenye."

Nikamenya. Kila ukanda wa ganda ulipodondoka kwenye sahani aliuokota, akaugeuza na kuutazama upande wa ndani. Ukiwa na weupe, aliurudisha kwangu niukwangue kwa ncha ya kisu hadi ubaki wa njano pande zote mbili. Ule weupe ndio wenye uchungu, na uchungu wake hausitiriki kwa sukari. Utaongeza sukari hadi kinywaji kiwe shira tupu, na uchungu bado utausikia nyuma ya ulimi. Nilirudishiwa kanda nyingi mwanzoni. Baadaye mkono ukaelewa: unaegemeza kimenyeo kidogo tu, unaliacha tunda lizunguke lenyewe, ganda linatoka jembamba kiasi kwamba ukiliinua kwenye mwanga unaona vitundu vyake, kimoja kimoja, vimejaa mafuta.

Mafuta hayo alinionyesha. Spiriti, kileo kikali cha kulowekea maganda, ilikuwa bado kabatini, chupa imefungwa. Aliniambia niwashe njiti ya kiberiti, nichukue ukanda mmoja na kuubana kwa vidole karibu na ule moto, upande wa njano ukiuelekea. Nilipobana, cheche zikaruka, na chumba kizima kikanuka limau. "Hicho ndicho tunachokitafuta," akasema. "Kwenye maji ya limau hukipati." Nimesoma mengi juu ya likeri tangu siku ile, ila hakuna lililonikaa kichwani kama zile cheche.

Kisha akaamuru moto wote uzimwe, jiko pamoja nalo, ndipo chupa ikatolewa. Ilikuwa spiriti safi ya kunywa, asilimia 95. Aliisoma lebo yake mara mbili ingawa aliinunua mwenyewe, akanipa na mimi niisome. Katika hili hakuwa na mzaha, wala mimi sina. Spiriti ya taa au ya viwandani haiingii kwenye kinywaji hata kidogo: mara nyingi huwa na methanoli, na methanoli huua, na anayenusurika huweza kupoteza macho. Haichujiki kwa kitambaa, haiondolewi kwa kuchemsha jikoni, wala kwa harufu peke yake huwezi kuitambua. Usipokuwa na uhakika na chupa, iache.

Maganda ya malimau kumi, spiriti nusu lita, mtungi wa kioo wenye mfuniko wa kubana. Basi. Nilimuuliza kama vodka ya kawaida haifai. Akasema inafaa, lakini ina asilimia 40 tu, kwa hiyo hunyonya mafuta polepole, na ukishatia shira unabaki na kinywaji dhaifu. Mtungi ukaingia kabatini, gizani, na kila nilipopita kwake niliutikisa kidogo.

Tulipoutoa tena, wiki kadhaa zilikuwa zimepita. Spiriti ilikuwa njano iliyokolea, ing'aavu, unaona ukuta ng'ambo ya mtungi. Maganda yenyewe yalikuwa yamepauka. Mjomba akanitaka nitoe moja nilikunje. Likavunjika kwa sauti, kama mkate uliokaushwa. "Limekwisha kutoa lililokuwa nalo," akasema. Lingekuwa bado laini, tungelirudisha.

Shira niliipika asubuhi yake: maji mililita 650, sukari gramu 350, ikachemka mpaka sukari ikayeyuka yote, ikaachwa ipoe kabisa. Shira ya moto ukiimimina kwenye spiriti, kileo kinapaa na mvuke na harufu nzuri inaondoka nacho. Nilichuja maganda, nikaanza kumimina shira taratibu, mjomba akinishikia chujio kwa mikono yote miwili.

Mmimino wa kwanza haukubadili kitu. Halafu, mara moja, katikati ya ile njano iliyokuwa kama kioo pakazuka wingu jeupe, likatanda hadi kingo za bakuli, na kufumba na kufumbua chini hapaonekani tena. Nilisimamisha mkono. Nilidhani mjomba angesema jambo, lakini alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyekutana na rafiki stesheni. "Mimina, mimina! Ndiyo hayo mafuta!"

Aliyonieleza baadaye ni haya. Mafuta ya ganda huyeyuka kwenye alkoholi kali, hayayeyuki kwenye maji. Shira ikiingia, maji yanazidi, mafuta yanakosa pa kukaa, yanajitenga kuwa matone madogo mno ambayo hutawanya mwanga, nawe unaona weupe. Kinywaji kisipochafuka hata kidogo huenda maganda yalikuwa maskini wa mafuta. Wapo wanaolichukia wingu hilo na kulichuja kwa karatasi ya kahawa. Kwa maoni yangu wanajisumbua kuondoa ushahidi wa kazi yao nzuri.

Tulipiga hesabu ya nguvu yake kwa penseli na ikatoka asilimia 35 hivi. Kwenye friza haigandi, inakuwa nzito tu. Nilipomuuliza kama matunda mengine yanafaa, alisema kanuni ni ileile kwa chungwa na chenza, lakini akalisifu zaidi danzi, chungwa chungu ambalo watu wengi hawalili. Likeri ya kisiwa cha Curaçao, katika bahari ya Karibi, akasema, ina asili hiyo: Wahispania walipeleka machungwa huko, ardhi kavu ikayafanya machungu yasilike, na maganda yake ndiyo yakaja kutoa harufu ya likeri iliyopewa jina la kisiwa.

Nilitaka tunywe siku ileile. Alinipa kijiko kimoja, kikaniunguza koo, akafunga chupa. Ikakaa mwezi mzima, na ilipofunguliwa ule ukali ulikuwa umekaa chini na limau limekuja mbele. Mjomba alishika glasi ndogo kwa mikono miwili, akaonja, akasema imetoka vizuri. Mimi nikasema imezidi sukari. Hapo ubishi ukaanza, na haujaisha: yeye anashikilia gramu 350, mimi natia 300, na kila mwaka tunatengeneza mitungi miwili, wake na wangu, malimau yote nikiyamenya mimi naye akikagua maganda.